Barua Niliyomwandikia Rabi

Mimi na yeye, kabla hajawa rabi, tulikuwa wauguzi wodi moja huko Plano, nje kidogo ya Dallas, kwa miaka sita. Mimi ni Mkenya, binti wa mwinjilisti. Yeye ni Mmarekani, Myahudi aliyekulia kitongoji kimoja cha Houston, katika nyumba ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, Mungu alitajwa tu mtu akijigonga kidole. Kama kati yetu kulikuwa na wa kuvaa joho la dini, hakuwa yeye.

Nilikuja Texas kusomea uchungaji. Mama akaniambia kwa simu, "Anza na uuguzi, mwanangu. Wito hauozi." Nikaanza na uuguzi. Ikafuata ndoa, wakafuata watoto, na shifti za saa kumi na mbili. Katika kanisa letu la Wakenya nilipewa kamati ya chakula, wakanizoea hapo.

Babu yake alipofariki, alirudi kutoka mazishini akiwa mtu mwingine. "Sala ya wafu iliposomwa nilisimama kama bubu," aliniambia. "Hata herufi sizijui." Alikuwa na miaka thelathini na minne. Wiki hiyohiyo akaanza kujifunza Kiebrania kwenye chumba cha mapumziko, kadi zake za herufi zimetandazwa kando ya sahani yangu ya wali. Nilimcheka kidogo, bila ubaya. Mwaka haukuisha akawa anasoma. Kisha wagonjwa waliokaribia kukata roho wakaanza kumwita yeye, hata Wakristo, hata wale niliokuwa nimewaombea mimi.

Hapo ndipo wivu uliponiingia, na haukutoka.

Siku moja alinivuta kando. "Nataka kuomba nafasi chuo cha marabi. Wewe ndiye unayenijua nikiwa kazini. Utaniandikia barua?"

"Bila shaka," nikasema, nikamkumbatia.

Niliikalia barua hiyo wiki tatu. Ningeweza kueleza jinsi alivyomshika mkono mzee mmoja hadi pumzi ya mwisho, ilhali shifti yake ilikuwa imeisha zamani. Niliandika mistari minne: anafika kwa wakati, ni msafi, anaelewana na wenzake, anajaza fomu vizuri. Barua ya kumwombea mtu kazi ya kuuza viatu. Nikaituma, nikaenda kumpima mgonjwa presha.

Alikubaliwa. Alisoma miaka mitano, mmoja wao Yerusalemu. Aliishi chumba kimoja, akaanguka mtihani wa sheria za dini, akaurudia. Kila aliponipigia kunisimulia taabu zake nilimpa pole, na moyoni nikazionea wivu hata hizo taabu.

Mwaka jana aliwekewa mikono kuwa rabi, akapata sinagogi ndogo Missouri City, mji ulio karibu na Houston. Alinialika siku ya kusimikwa kwake. Niliendesha gari zaidi ya saa nne kutoka Dallas, nikakaa safu ya nyuma. Walipomkabidhi gombo la Torati akalilaza kifuani kama mtoto aliyesinzia, watu wote wakasimama. Nami nikasimama, nikijiambia: pale ni pangu.

Baada ya ibada nilimkuta jikoni, peke yake, akinywa maji.

"Ile barua," nikaanza. "Niliiandika vibaya makusudi."

"Najua. Kwenye usaili mwalimu mmoja aliniuliza kama tumekosana. Nikamwambia unaogopa nitakuacha peke yako wodini."

"Haikuwa hivyo. Nilikuonea wivu."

Uso wake ukawa mwekundu. "Nilipoambiwa iliniuma sana," akasema. "Na sasa?"

"Bado nakuonea wivu."

Nilitarajia anionyeshe mlango. Aliweka glasi chini, akafikiri. "Basi lala kwangu leo. Kesho asubuhi unisindikize hospitalini. Kuna familia ya wakimbizi kutoka Kongo tunayoisaidia hapa. Bibi yao ni mgonjwa sana. Nimemtembelea mara tatu, na mara zote amegeukia ukutani."

Asubuhi tulimkuta hivyohivyo, ametupa mgongo. Nilisema, "Shikamoo, bibi," nikasubiri.

Akageuka polepole. "Unasema Kiswahili, mama?"

"Nasema, bibi."

Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Alinieleza kuhusu mwanawe aliyebaki kambini, na kuhusu kuogopa kuzikwa na watu wasiojua jina la baba yake. Nilimwombea kama baba yangu alivyokuwa akiwaombea wagonjwa, bila haraka, nikiutaja ukoo wake wote aliokuwa amenitajia. Alilia, kisha akalala.

Rabi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono imening'inia. Tulipotoka kwenye korido akasema, "Miaka mitano ya masomo, na sijawahi kumtuliza mtu namna hiyo." Niliijua sauti hiyo. Ilikuwa yangu ya siku nyingi.

Ningepaswa kumwonea huruma. Nilifurahi.

"Alikwambia nini?" akauliza.

Nilimtafsiria nusu tu.