Kifuu Kilipolala

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye maji kutoka mawinguni na kuyapa njia ardhini.

Kijito kinachopita nyuma ya msikiti wetu, huku Changamwe, nilikitumia kutawadha ujanani. Tulifundishwa kuyachunguza maji kwa rangi, ladha na harufu. Siku hizi pua yatosha, ulimi haufikiwi na zamu. Kinateremka kutoka Magongo kikibeba mafuta ya gereji, nepi na uchafu wa vyoo, kikielekea baharini upande wa Kipevu. Twatawadha kwa maji ya bomba, na bomba likikauka, kwa ya mkokoteni.

Lakini mazoea ya kukitazama hayajaniacha. Baada ya sala ya alasiri huketi kwenye ngazi zetu za zamani. Ng'ambo yuko jirani yangu, mama wa Kitaita auzaye mchicha. Chumba chake kiko ukingoni kabisa. Mvua za mwaka uliotangulia zilimfikia kitandani, basi akafanya wafanyavyo wote hapa: akajaza magunia taka na udongo, akayapanga mbele ya chumba kama ukuta.

Masika yalipokaribia nilijiuliza, maji yaliyozibiwa pale yatapita wapi? Nikaokota kifuu cha nazi, nikakitupa upande wa juu. Kikaelea, kikapenya mwanya wa gunia la kwanza, kikaingia nyuma ya magunia na kukwama kwenye ukuta wa chumba chake.

"Shikamoo, mzee! Umerudia michezo ya vifuu?" akacheka.

"Marahaba, mwanangu. Tazama kilipolala."

"Kwangu! Hata hodi hakipigi?"

"Na mafuriko hayatapiga."

Kicheko kikakatika. "Nikiyaondoa magunia, maji si yataingia?"

"Yataingia, yatoke. Humo nyuma yatatokea wapi, ila kwa kuuangusha ukuta?"

Akatupa vifuu vyake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, na vyote vikalala pale pale. Kesho yake akawaita wenzake wa kanisani, wakayaburuta magunia yote, wakakiinua kitanda juu ya matofali.

Mvua ikaja. Maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, yakaondoka na mchicha wote wa uani. Ukuta ukabaki umesimama, alhamdulillahi, na yeye ndani yake.

Sasa hunitangulia mtoni, kifuu mkononi, akitaka kujua mkondo umehamia wapi.

Nawe usomaye, Mola akujaalie nyumba isiyoingiwa na maji ila ya mtungini, na jirani wa kukuita ukatazame.