Nilivyotembea na Muguu ya Mama Mudogo Kutafuta Nyumba Gisenyi

Mwaka ile barabara ya Ruhengeri ilianza kutulia kisha ya vita, watu wakaanza tena kusafiri bila kuaga kama wanaenda kufa, Mama Mudogo alinikalisha chini pale kwetu Nyamirambo akaniambia: "Nataka kuhamia Gisenyi. Enda unitafutie nyumba ya kununua."

Ninyi wa kwetu munamujua. Ni mudogo wa mama yangu, ndiye alinilea, na mutu akimusema vibaya mbele yangu anajua anatafuta nini. Mutoto wake wa pekee, Zuhura, ameolewa Goma, na wajukuu wanakua bila kujua harufu ya bibi yao. Gisenyi na Goma ni kama muji mumoja wenye barrière, kizuizi ya mupaka ya inchi mbili, katikati. Lakini ile muguu ya kuume, tangu moto, hizi pikipiki za abiria, ilimuangusha, goti haikunji tena. Moto hapandi tena, aliapa. Kubebwa ndiyo hataki hata kusikia. "Siku munanibeba kwenda kwa mutoto yangu," anasema, "mujue munanipeleka kuzika." Donc nyumba inapaswa kuwa fasi anaweza kutoka mwenyewe na fimbo yake, kufika paka soko, paka musikiti, paka barrière, na kurudi. Na inunuliwe na pesa ya kuuza ile chumba yake ya Nyamirambo tu. Tukikosea, hakuna mara ya pili.

"Mama Mudogo," nikamuambia, "hii kazi ni ndogo." Mi sikukaa sana shuleni, kutengeneza redio nilijifunza kwa kuzivunja, lakini nyumba nzuri naijua nikiiona.

Akacheka na pua. Akatafuta kitenge ya zamani, akaweka kijiti nyuma ya goti yangu ya kuume, akafunga, akakaza, paka goti ikakataa kukunja. Kisha akanipa fimbo yake ya pili.

"Ukitembea na muguu yako utanidanganya. Tembea na yangu."

Asubuhi, Nyabugogo, fasi ya kupandia magari, nilijua mara moja dunia ya mutu wa muguu ni ingine. Watu walinipisha. Mwanamuke mumoja alinishika mukono bila kuniuliza, karibu anitupe ndani ya minibus kama gunia ya makaa. Mi ni mutu wa hasira kidogo, nikataka kumujibu, nikakumbuka hii muguu si yangu ya kugombana nayo.

Mbele ya Ruhengeri kulikuwa kizuizi ya askari. Tulishuka wote na vitambulisho mukononi. Askari aliangalia goti. "Ni vita?"

"Hapana, afande. Ni ya mama yangu mudogo."

Aliniangalia sana. "Panda," akasema, kama mutu hataki kujua zaidi. Na mi nikapanda, muguu mbele, kama mutu wa cheo.

Mchana, kushuka Gisenyi. Wenye wanaijua wanajua ile kona: unakuwa juu, baridi bado iko kwenye mashikio, halafu mulima inafunguka na ziwa iko chini yako yote, na Goma pembeni, na moshi ya volkano nyuma yake kama mutu mukubwa anavuta tumbaku bila haraka. Nilisema kwa sauti: "Mama Mudogo, umechagua muji!" Jirani yangu ndani ya gari akaangalia kama kuna mutu mwingine.

Kwenye gare, kituo ya magari, nilipata komisioneri, dalali wa nyumba. Ama sema yeye ndiye alinipata. Aliitwa Kazungu, viatu vinang'aa, manukato inafika mbele yake. "Petit," akaniambia, "na hiyo muguu, nitakupatia fasi karibu, karibu, karibu."

Alasiri ile ile alinipeleka Nyamyumba, kila mutu na moto yake. Nisikilizeni, ni fasi ya kuoa. Ziwa iko mbele ya mulango, wavuvi wanakausha nyavu, kuna na maji ya moto inatoka chini ambayo watu wanatia miguu yenye maumivu. Bei, ya kuchekesha. Nilianza kuona Mama Mudogo pale, muguu ndani ya maji ya moto, anaimba.

"Bon," Kazungu akasema, "unaona ni karibu? Moto haikutumia hata nusu saa."

"Mi narudi na muguu," nikamujibu.

Ee ndugu zangu! Ile barabara inapanda, inashuka, inapanda tena, na goti yenye haikunji haijui kushuka. Inashuka nusu na nusu, kama mutu anabeba kabati. Nilifika muji jua imekwenda, kiganja imechubuka na fimbo. Pale nikaelewa watu wa siku hizi wanakosea wapi. Wanaonyeshwa nyumba na moto, wanaingia ndani, kisha wanashangaa kwa nini mama yao hatoki tena inje. Karibu ya moto na karibu ya muguu hazijuani.

Siku ya pili nilianzia Grande Barrière, ile kubwa ya kando ya ziwa, kwa matajiri. Nani hataki kukaa pale? Barabara sawa kama meza, miti mirefu, ziwa, barrière unaiona na macho. Kutembea ni raha. Bei niliuliza juu ya kiburi tu, na mwenye kuniambia aliisema taratibu, kama anamupa mutu habari ya musiba. Lakini hata wangenipa bure! Nilichoka mbele ya geti moja kubwa, nikaegemea ukuta. Mulinzi akatoka. "Hapa hawasimami."

"Nasimama kwenye ukuta, siibebi!"

"Hapa hawasimami," akarudilia. Mbwa ikasema vile vile. Nilitembea ile mutaa yote, geti na geti, hakuna hata jiwe ya kukalia. Nikajiuliza: Mama Mudogo akichoka hapa, atakaa wapi, juu ya mbwa?

Saa ya adhana ya mchana nilikuwa nimeingia mutaa ya Majengo. Ninyi wa Nyamirambo mungecheka: ni sisi! Kiswahili, musikiti, redio inaimba kwenye kila dirisha, na nusu ya zile redio zinahitaji fundi. Nyumba zimebanana, lakini udongo ni sawa, haupandi haushuki. Nilikuwa natembea, tiki tiki na fimbo, nikasikia: "Yewe, wa muguu! Unaenda kufia wapi? Kaa!"

Ni mama munene mumoja, anageuza sambaza kwenye mukeka, zile samaki ndogo za ziwa. Alisukuma kigoda na muguu yake bila kuacha kazi. Ndiye Mama Riziki. Nilikaa. Hakuniuliza jina, aliniuliza nimekula. Mbele kidogo Fundi Sadi, mushonaji, mutu mukavu kama uzi wake, naye akatoa kiti inje kabla sijafika. Mbele tena, kiti ingine, na mutu mwingine. Namna hiyo nilifika paka Petite Barrière, ile ndogo, pale wachuuzi wanavuka asubuhi kwenda Goma na kurudi jioni, na goti yangu haikulia hata mara moja.

"Kazungu," nikamuambia, "nyumba itakuwa hapa. Tafuta."

Kazungu hakukawia. Kesho yake alinionyesha nyumba ya vyumba tatu, ukuta imegusana na ya Mama Riziki, mapera ndani ya uwanja, mabati mazima. Mulango ya nyuma ililia kidogo nikiifungua, nikasema mafuta tone moja, basi. Bei ilikuwa chini hata ya pesa ya Mama Mudogo. Mwenyewe yuko Kampala, Kazungu akasema, amemuachia yeye kila kitu.

Saa kumi ya ile siku tukakaa ndani ya uwanja kwa chupa ya mashahidi. Munajua desturi: unanunua fasi, unawanywesha wenye wanaijua, na mwenye amekunywa amesema ndiyo, hawezi kugeuka kesho. Kazungu alikuwa amekuja na vijana wake wawili wa kunywa.

"Hawa wanakaa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa gare."

"Na watu wa gare wanajua mupaka ya hii kiwanja namna gani?"

"Petit, shahidi ni shahidi."

"Kwa Mama Mudogo, shahidi ni yule wa ukuta moja." Nikatoka na fimbo yangu, nikamuita Mama Riziki na Fundi Sadi. Walikuja. Walikaa. Niliwafungulia Fanta. Mama Riziki mikono yake ikabaki kwenye mapaja.

"Mama, unataka ya ndimu?"

"Hapana, mutoto yangu."

"Ni baridi sana?"

"Iko sawa. Lakini hii siinywi."

Fundi Sadi naye alisukuma chupa yake na kidole moja, kidogo tu, kama mutu anaondoa nzi.

Damu ikanipanda. "Munanipa viti barabarani, ndani ya uwanja munaninyima mudomo? Mi nilifanya nini? Mama Mudogo yangu munataka alale wapi, kwa mbwa za Grande Barrière? Mutu mukubwa simutukani, lakini leo, vraiment..." Na nikaruka nikasimama, na kitenge ikakatika pah! Kijiti ikaanguka chini, na goti yangu ikakunja mbele ya watu wote, kunja nyoosha, kunja nyoosha, goti ya mucheza mupira.

Wote wakaangalia goti.

"Jamani!" Mama Riziki akasema. "Hasira ni dawa!"

Fundi Sadi hakucheka. "Mumoja ametuletea nyumba ya uongo, mwingine muguu ya uongo. Leo ni siku ya soko."

"Munaona?" Kazungu akadandia. "Ni mwizi huyu!"

"Muguu si ya uongo!" nikapaza sauti. "Ina mwenyewe! Iko Nyamirambo, inangoja!" Nikawaeleza yote: moto iliyomuangusha, Zuhura, kitenge, Nyamyumba, mulinzi na mbwa yake. Nilieleza na hasira paka mate ikaniisha. Mama Riziki alianza kucheka tumbo, ikapanda mabega, akashika ukuta.

Alipopata pumzi akapangusa macho. "Bon. We umetuambia mwenye muguu. Na mi nikuambie mwenye nyumba. Ni Speransiya. Tulilea watoto pamoja huku na huku ya hii ukuta. Alikimbia vita na wengine, wengine wakarudi, yeye bado iko Goma, anauza maharagi Birere. Hajauzia mutu."

Siku zile mutu hasemi jina ya mwenzake mwenye alikimbia ovyo mbele ya watu, inaweza kukupeleka mbali. Kukataa chupa ndiyo ilikuwa namna yao ya kupiga kelele, na mi nilikuwa nimeisikia kama matusi. Nikageuka kumutafuta Kazungu. Manukato tu ndiyo ilikuwa imebaki. Kijana wake mumoja alikuwa anatoka na chupa yangu ya Fanta, hiyo nikamunyang'anya mulangoni.

Kesho asubuhi nilivuka Goma. Mi siamini kitu paka niiguse. Nilimupata Speransiya mbele ya gunia zake, nikamuambia nilikuwa ndani ya nyumba yake na kwa nini. Aliacha kupima maharagi.

"Mulango ya nyuma bado inalia?"

"Inalia, mama."

Aliziba mudomo na mukono. "Musiipake mafuta. Nitarudi, nataka kuisikia."

Nilimusaidia kufunga gunia, nikaenda kula kwa Zuhura.

Jioni, Majengo tena. Fundi Sadi aliniita na kichwa. Nyuma yake kulikuwa nyumba ya vyumba mbili, ya shemeji yake, anauza ahamie Kibuye, na mwenyewe alikuwa pale amesimama na funguo. Ndogo. Mabati inavuja kona moja. Na bei ilikula pesa ya Mama Mudogo yote, kwa vyumba pungufu kuliko ile ya uongo. Mama Riziki alinifunga goti tena, akakaza kuliko Mama Mudogo mwenyewe, na nikatembea: soko, musikiti, barrière, kurudi. Kila kiti ilikuwa fasi yake. Watu walikuwa wanajua sasa goti ni nzima, wakaniita "mucheza mupira," lakini viti walinipa.

Nilirudi Nyamirambo na nikatoa habari nikisimama.

"Vyumba ngapi?" Mama Mudogo akauliza.

"Mbili."

"Inavuja?"

"Kidogo. Nitapanda mi mwenyewe."

"Mutoto huyu! Pesa yangu yote, vyumba mbili na mvua?"

"Na viti njia yote."

Alisugua goti. "Na nani amekunywa?"

"Hakuna. Nimewaambia wakungoje we."

Siku ya kuhamia, kwenye gare ya Gisenyi, alikataa mukono yangu. Tukaingia Majengo, yeye mbele na fimbo, mi nyuma na godoro kichwani. Mbele ya nyumba ya kwanza mutu alisimama, akaangalia goti kwanza, kisha uso.

"Ni we mwenye ile muguu? Karibu! Muguu yako tunaijua zamani."

Na kwa pili vile vile, na kwa Mama Riziki kigoda ikatoka yenyewe. Mama Mudogo alikaa kila fasi, hata pale hakuchoka. Nilimujua, alikuwa anapima.

Mutu akiniuliza sasa namna ya kununua nyumba muji ya watu, simuulizi pesa yake kwanza. Namuambia: funga goti yako iwe ya yule mutu wako mwenye atakuwa muzee zaidi, uitembeze. Kisha fungua chupa, uangalie mikono.

Alasiri tulikaa chini ya ile kona inavuja. Shemeji ya Fundi Sadi alitoa funguo. Mi nilifungua Fanta. Mama Riziki alichukua yake, akakunywa paka mwisho, akaipindua kuonyesha hakuna tone. Fundi Sadi akakunywa nyuma yake.

Mama Mudogo aliegemeza fimbo kwenye ukuta yake.

"Kesho asubuhi musinitafute," akasema. "Nitakuwa kwa Zuhura."