Mlango Niliouziba

Haya nayaandika nimesimama, daftari juu ya pipa la unga, kwa sababu kukaa kumenishinda. Nikikaa, miguu yataka kwenda. Wiki hii nimeingia nyumba nne za watu bila kualikwa, na kila nyumba nimekwenda kusema neno moja: nilikufunza vibaya. Mmoja alicheka, akadhani akili zimeanza kuniruka. Mwingine alikwenda kuzima jiko, akarudi akaniambia, "Umechelewa, somo." Nilimaliza kahawa yake nikatoka.

Mimi ni somo. Asiyejua kazi hiyo, somo ni mwanamke anayekaa na bibi harusi siku za kabla ya harusi, akamfunza kujisinga mwili, kufukiza udi, kuweka nyumba na kuishi na mwanamume. Wari, yaani wasichana wa kufundwa, niliowafunza hapa Amu, mji wa Lamu, hata hesabu imenipotea. Na si hiyo tu. Shule niliiacha darasa la tatu, mama alipotaka mtu wa kukoleza tanuri, na kwa mikate ya mofa, mikono hii miwili na ukali wangu, nilinunua gofu ambalo mwarobaini ulikuwa umeota sebuleni, nikalijenga jiwe kwa jiwe. Nikamaliza, nikanunua gofu la pili, ng'ambo ya kichochoro. Hakuna mwanamume aliyenipa hata msumari. Nasema hivi ili ujue kwamba aliyekosea si mtu mjinga.

Nyumba ya pili nilimjengea mwana wa kike wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Kwetu, katika familia za mji wa kale, binti hupewa nyumba kabla ya kupewa mume. Mume ndiye huja, na nguo zake. Na baina ya nyumba hizo mbili nilijenga wikio, chumba kilichopita juu ya kichochoro kama daraja, ili mwanamke atoke kwake aingie kwa mamake bila kushuka chini. Punda wanapita chini na mizigo yao, sisi tunapita juu na sinia zetu. Fundi aliniambia siku hizi hakuna anayejenga wikio. Nikamwambia jenga.

Somo wake nilikuwa mimi mwenyewe. Watu walisema haifai, anayekulea hakufunzi hayo. Sikumwamini mwingine. Nikamfunza niliyowafunza wote. Mume akipandisha sauti, wewe shusha yako. Ukiwa na jambo, lifukie chini ya mto wako. Mwanamke ni sitara ya nyumba. Aliuliza swali moja tu, akichezea ncha ya leso: "Na sitara yangu mimi ni nani?" Nilimwambia asiwe mjuaji.

Bwana harusi alikuwa mtu wa watu. Duka lake la vitambaa, safu ya mbele msikitini, akinikuta na gunia la unga analibeba hadi yuu, orofani, bila kuambiwa. Miezi mitatu baada ya harusi alikuja, akaketi kwenye daka langu, baraza ya mlangoni, akanibusu mkono.

"Mama, nina ombi, nalo naona haya."

"Haya ya nini? Sema."

"Ule mlango wa wikio. Mtu akiwa kwake ataka faragha. Leo waingia wewe, kesho ataingia mpishi wako."

Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu ana wivu wa nyumba yake, huyu ni mume. Kesho yake nikamwita fundi yule yule. Alitazama mlango, akajikuna kichwa kwa penseli.

"Bi, ule mlango kazi yake ilikuwa nzuri. Niache japo tundu, hewa ipite?"

"Ziba."

Binti alikuwa amesimama upande wake na sinia la chai ya fundi. Akasema, polepole kabisa, "Mama mkubwa, si afadhali tutie komeo tu? Upande wangu. Nifungue mimi nikitaka."

Na mimi, mwenye nyumba mbili, nikamjibu: "Mke wa mtu hana haja ya kukimbilia kwa mamake kila saa."

Fundi akaziba kwa mawe na saruji, akapiga chokaa. Kuta zetu ni nene. Tangu siku hiyo sikusikia kitu, na nikaita kutosikia kwangu amani.

Mara ya kwanza alikuja kwa mlango wa chini, asubuhi, amevaa buibui na ninja usoni, kuvuka kichochoro cha hatua kumi na moja. Akaketi jikoni na hakujifunua.

"Vua hiyo. Hapa kuna mwanamume gani?"

Akavua. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga. Neno la kwanza lililonitoka, naliandika kama lilivyo ili nisije nikajidanganya uzeeni: "Umemfanya nini?"

"Nimemuuliza kwa nini amechukua simu yangu."

Nilimkanda kwa barafu ya samaki niliyoifunga kitambaani. Nikampaka wanja jicho la pili ili yafanane. Nikamfunza la kusema, amegonga mlango wa kabati. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemrudisha kwake, mimi mwenyewe, nimemshika mkono. Pale mlangoni alinitazama kwa lile jicho lililobaki, akasema, "Na wewe sikio lako, ulisema ulipiga mbizi?"

Sikio langu la kushoto halisikii. Mji mzima unajua niliharibikiwa utotoni, kwa kupiga mbizi. Uongo huo niliutunga mwenyewe nikiwa na umri wa huyu binti, na niliulinda vizuri hivi kwamba siku marehemu mume wangu alipozikwa, watu walisema alikuwa mpole, na mimi niliitikia. Siku ile binti nilimwacha mlangoni. Niligeuka nikaenda kupiga kelele kwa mtu wa punda aliyeweka kuni zangu vibaya.

Mara ya pili ilikuwa mkono, umevimba kifundo. Nikaona sasa ni jambo la wazee. Tukaitana kwa kikao cha sulhu kwangu, wanaume kwenye viti, sisi wanawake nyuma ya pazia. Mkubwa wa wazee hao ni mtu ninayemheshimu, na sijaacha. Lakini maswali yote aliyauliza kuelekea pazia.

"Binti, mumeo wamtii?"

"Ndiyo."

"Watoka bila ruhusa?"

"La."

"Chakula chake?"

"Nampikia."

"Sasa ni nini kimemkasirisha?"

Mume hakuulizwa hata moja. Alilia tu. Alilia vizuri, akabusu mikono ya wazee mmoja mmoja, na mzee akasema ugomvi wa mke na mume ni jambo la kawaida, tusome Fatiha. Nami nyuma ya pazia nilisoma, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa changu. Ugomvi una watu wawili. Hapa palikuwa na anayepiga na anayepigwa. Halafu aliyepigwa ndiye aliyetoka nyumbani kwake amejifunika, aliyepiga kabaki ndani amekunja miguu, katika nyumba ambayo jiwe lake hata moja hakulibeba. Nililiona hilo. Naapa nililiona. Na bado nikamshika mkono nikamrudisha, hatua kumi na moja.

Mara ya tatu hakuja.

Alikuja mwanamke wa samaki. Huyu hupita vichochoroni asubuhi, na wake za watu humteremshia kikapu kwa kamba kutoka dirishani, naye hutia samaki, kikapu hupanda. Aliweka karai lake mlangoni pangu, akapangusa jasho.

"Bi, mwanao amesafiri?"

"Hajasafiri."

"Siku ya nne leo hateremshi kikapu. Nimeita hadi paka wa kichochoroni wameona haya."

Nilivuka bila hata kuvaa viatu. Nikagonga. Alifungua mume, nusu mlango, mwili wake umejaza nusu iliyobaki. Anatabasamu.

"Amelala, mama. Ana homa kidogo."

"Nipishe nimtazame."

"Ataamka. Akipata nafuu nitamleta."

"Nimesema nipishe."

Hakupandisha sauti. Aliweka mkono kwenye mwimo wa mlango, ubao niliouchagua mwenyewe, akasema kwa adabu, "Mama, si wewe uliyeziba ili tupate faragha?"

Akafunga.

Nilibaki kichochoroni. Punda mmoja alinipita akanisukuma, nikamwacha. Nilikuwa nikijiona mtu mkubwa wa mji huu, na pale nilikuwa kikongwe asiye na viatu anayetazama mlango. Nikarudi kwangu nikasimama kwenye dirisha la juu mpaka alipotoka kwenda dukani baada ya alasiri. Nikamwona anatia kufuli kwa nje. Kufuli, kwa nje, mchana kweupe, watu wanapita na salamu wampa.

Sikungoja fundi. Nilituma aitwe, lakini mikono ilikuwa ishaanza. Niliingia kwenye wikio, nikasogeza magunia ya unga niliyoyaweka pale tangu palipozibwa, nikachukua mchi wa kinu nikaupiga ule ukuta. Chokaa ilianguka, jiwe halikutikisika. Nikapiga tena. Kisha nikatua, pumzi zimeniishia, na kutoka upande wa pili ukuta ukapigwa. Mara mbili. Chini, karibu na sakafu.

Fundi alipofika alinikuta nimekaa chini, shavu limegusa jiwe, sikio zima limeelekea ukutani. Ana nyundo na tindo. Akauliza kwanza.

"Bi, mwenye nyumba ameridhia?"

"Mwenye nyumba yuko ndani anagonga."

Hakuuliza la pili. Alitoboa kwa chini, kama binti alivyotuonyesha, kwa sababu kusimama alikuwa hawezi. Alitoka kwa kutambaa, vumbi la chokaa nywele nzima, mwana wa miaka ishirini na mbili mweupe kichwa kama mimi. Akasema, "Maji." Nilimpa. Fundi aligeuza uso akakung'uta nyundo yake muda mrefu, nyundo isiyokuwa na kitu.

Safari hii sikumuuliza amefanya nini. Nilimuuliza, "Wapi unaumia?" Akanionyesha, mahali baada ya mahali. Halafu akaniuliza, "Utanirudisha?" Alikuwa ameshikilia kombe la maji kwa mikono miwili, akingoja jibu. Nikasema la. Hakuonyesha kwamba ameamini.

Tukaenda hospitali, kisha polisi na fomu ya daktari. Askari mwanamume akachukua kalamu: "Mligombania nini?" Nikamwambia hawakugombana, andika alipigwa. Akaja askari msichana wa bara, akavuta kiti. "Shosho, keti hapa, tuandike poa." Hakuna aliyewahi kuniita shosho, nyanya kwa watu wa bara, hapa mjini. Siku hiyo nililipokea. Tulipofika kwenye swali la kama ilikuwa mara ya kwanza, nikasema la, na zile mbili za nyuma nilizificha mimi, nalo liandike. Nikatia sahihi yangu mwenyewe, herufi moja moja.

Kesho yake asubuhi wazee walisimama kichochoroni, na mume katikati yao amevaa kanzu ya Ijumaa. Alikuwa amekuta mlango wake umefungwa kwa ndani: fundi alipita kwa lile tundu akautia komeo kabla hatujaenda hospitali, na usiku binti akarudi kwake kwa njia ile ile.

"Bi," mzee akaita, "shuka tuzungumze. Haya si mambo ya ndiani, watu wapita."

"Zungumzeni, nawasikia."

"Binti yako amesusa, amekuja kwako. Sasa twataka kumrudisha kwa heshima."

"Hakususa. Yuko kwake. Anayetakiwa kwenda kukaa kwa watu ni huyo."

"Bi, nti hii yetu ya Amu ina desturi."

"Desturi ni kwamba nyumba ni ya mke. Hiyo mbona mwaisahau?"

Nilikuwa na mengine mengi ya kusema, ulimi wangu haujawahi kukosa kazi. Lakini dirisha la ng'ambo lilifunguka. Kikapu kikaanza kushuka. Ndani yake kanzu mbili, zimekunjwa. Kikafika chini, hakuna aliyenyoosha mkono. Binti akasubiri. Mwisho mume akazitoa, kwa kuwa punda walikuwa wanakuja. Kikapu kikapanda, kikashuka na kofia, kikapanda, kikashuka na viatu, manukato, redio. Mwanamke wa samaki alikuwa amefika na karai lake, akajitegemeza ukutani.

"Leo kikapu kimeshuka," akasema.

Kesi iko mahakamani, na ya talaka iko kwa kadhi. Hazijaisha. Wako wasionisalimu, na mikate yangu baadhi ya nyumba zimeacha kununua. Hilo halinikoseshi usingizi. Linalonikosesha raha ni wale wari niliowafunza, walioko nyuma ya kuta nisizozijua, na maneno yangu wameyaweka chini ya mito yao. Wa karibu nimeshaanza nao. Mmoja yuko Pate, mwingine Kiunga. Jumamosi napanda boti ya Pate, na goti hili bovu.

Lile tundu tulilipanua likawa mlango tena. Fundi alitia mbao mpya, na komeo. Komeo liko upande wake. Asubuhi nikitoa mikate ya kwanza nachukua miwili, nagonga, nangoja. Nasikia nyayo zake zinakuja mpaka mlangoni, zinasimama. Huuliza, "Nani?" na anajua fika ni nani, hakuna mwingine awezaye kufika pale. Nasema ni mimi. Siku nyingine hufungua. Siku nyingine hafungui, na mimi huweka mikate kwenye sakafu, nikaigubika kwa kawa, nikarudi kwangu.

Jana hakufungua. Leo nimekwenda mara mbili.