Jina Lililotolewa na Kiboko

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipopigana na wapigania uhuru waliojificha msituni, nasi watu wa upande wa Manyatta tulikuwa tumetolewa mashambani kwetu na kurundikwa katika kijiji kimoja chenye mtaro na miiba pande zote. Mimi nilikuwa homgadi, askari mwenyeji wa kuilindia serikali kijiji, kijana wa kaptula ya kaki na Kiingereza cha darasa la sita, na afisa Mzungu alinifanya mkalimani wake.

Afisa huyo alikuwa na neno la Kiingereza alilolipenda, thrash, yaani kuchapa. Alilitamka kila mshukiwa alipokataa kusema, na kiboko kikafuata. Siku hiyo, kwa kutaka kujionyesha, nilimweleza kwamba mwalimu wetu wa misheni alitufundisha asili yake: Waingereza wa kale walilitumia kwa kupura nafaka, kuipiga hadi punje zitoke kwenye suke, kisha baadaye wakalihamishia kwenye mgongo wa mtu. Afisa alicheka. "Basi mpure huyu," akasema, akanipa kiboko.

Huyo alikuwa Nyaga, mtu mzima wa kijijini kwetu, aliyeshukiwa kupeleka chakula msituni. Nilimpiga nikimuuliza mwenzake ni nani. Akasema hajui. Nikaongeza. Nilipochoka kungoja, nikamuuliza kwa Kiembu, "Si Njeru?" Njeru alikuwa jirani yetu, baba wa watoto wawili, na kosa lake lilikuwa moja tu: hakupenda kutusalimu sisi homgadi. Nyaga akajibu, "Haya, ni Njeru. Wacha sasa." Nami nikamtafsiria afisa kwamba mtu huyu amemtaja Njeru. Swali langu sikulitafsiri. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ujana haujali methali.

Afisa aliniahidi ukoplo. Njeru akakamatwa mchana huo huo, akafungiwa pamoja na Nyaga kungojea lori la kizuizini.

Jioni nilimkuta mama nje ya kibanda chetu akipura wimbi kwa fimbo juu ya ngozi ya ng'ombe. Nikampa habari za cheo. Aliniuliza Njeru alidaiwa kupeleka chakula siku gani, nikamwambia.

"Siku hiyo alishinda hapa akiniezekea ghala," alisema, mkono haujasimama. "Jina lake nani alilitaja kwanza? Ni Nyaga au ni wewe?"

Nikaanza kuokota punje zilizoruka nje ya ngozi. Mama akaweka fimbo chini.

"Hili suke nikilipiga mpaka kesho litanipa wimbi. Mahindi halinipi, hata niyatake namna gani. Mtu si hivyo. Mtu ukimpiga anakupa kile unataka. Nenda umwambie huyo Mzungu, lori bado halijakuja."

Lori lilichelewa siku mbili. Mara mbili nilifika mlangoni kwa afisa na mara mbili nikarudi. Nilikiogopa kiboko, na ukoplo niliutaka, sina la kuficha. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Njeru alipandishwa lori mkewe akitazama, nami nilisimama pale nimeshika orodha ya majina.

Alikaa huko miaka minne. Aliporudi alikuta mtoto wake mdogo ameshazikwa. Nilimfuata shambani nikamweleza yote. Alinisikiliza akiegemea jembe.

"Nyaga aliniambia tukiwa ndani ya lori," alisema. "Nilikuwa nangoja nione kama utakuja." Kisha akaendelea kulima. Hakunisamehe, wala hakunitukana. Nilirudi nyumbani nikilia njiani, na hadi leo naona haya.

Sasa wewe, mwanangu, umepewa watu wa kuwaongoza, ndiyo maana nimekuambia haya. Jibu la mtu anayeumia usilijengee kitu, hasa likiwa ndilo jibu ulilolitaka. Na ukiwa na neno la kweli linaloweza kumfungua mtu, liseme siku hiyo hiyo, hata kama litakugharimu cheo. Likichelewa linakuwa maungamo tu, na maungamo hayamrudishii mtu mwanawe.

Mungu akupe mkono mzito kuinuka kupiga na mdomo mwepesi wa kutetea. Akuzeeshe hadi wajukuu waje kukuomba nasaha, nawe uwape ukiwatazama machoni.