Bakuli Lililorudi Tupu

Saa ya chakula ikifika, mafundi wa karakana ya nguo walifunua vyombo vyao juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kila mmoja akahojiwa: jana ulipika nini, na ulikipikaje? Mama Vifungo, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake ya kushona vifungo, alisikiliza kuliko wote, ila si kwa ajili ya tumbo lake. Mumewe alikuwa amepasuliwa koo. Daktari alisema bila kupindisha maneno: baada ya wiki tatu awe na kilo hamsini, la sivyo upasuaji wa pili haupo, na bila huo hatapona. Siku hiyo alikuwa na arobaini na nane, mtu aliyewahi kubeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo.

Basi mwanamke akawa mwanafunzi. Mpiga pasi alimfundisha kuizungushia blanketi sufuria ya moto, nyama ijiivie humo polepole mpaka ilegee yenyewe. Mkata vitambaa, mwanamume asiyeona haya kujisifia mapishi, alimwonyesha namna ya kumimina yai lililopigwa kwenye supu inayochemka.

"Polepole, dada! Unamwaga maji ya kufulia?"

Alijaribu yote. Kila jioni alimpelekea mumewe bakuli chumbani, kisha akarudi jikoni, maana mgonjwa hakutaka kutazamwa akila. Bakuli lilirudi tupu. Kesho yake karakana nzima ilipiga vigelegele. "Amemaliza!" Mpiga pasi akacheza na pasi mkononi, nusura aunguze shati la mteja.

Siku ya kupimwa, mzani ulisema arobaini na sita.

Mkewe akamwomba nesi apime tena. Nesi akapima. Arobaini na sita. Mama Vifungo akakaa sakafuni palepale, mtu mzima, mbele za watu. Ndipo alipomkumbuka paka wa jirani, aliyekuwa mifupa mitupu na sasa alijikokota kwa unene chini ya dirisha la chumba chao. Alimwona kila siku, na kila siku alimcheka.

"Nawaongezea wiki moja," daktari alisema. "Zaidi ya hapo sina la kufanya."

Jioni hiyo Mama Vifungo hakujaribu pishi jipya. Alipasha supu ya jana, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kwa nini, baba?"

"Hakipiti, mke wangu. Kinachoma."

"Si ungesema!"

"Ningesemaje? Ulikuwa ukirudi kutoka kazini unacheka. Tangu niugue sikuwa nimekusikia ukicheka."

Mke alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, na mikono ilikataa yote mawili. Akalia kwa sauti, bila kujificha. Alipochoka, alifunga dirisha, akachota kijiko, akakipuliza mpaka kikapoa. Mumewe akafumba macho na kufungua kinywa.

Kesho yake wenzake walifunua vyombo, lakini hakuna aliyeanza kula.

"Haya, amemaliza?" mpiga pasi aliuliza, mkono umeshakwenda juu.

"Vijiko vitatu," Mama Vifungo akajibu. "Nimeviona kwa macho yangu."