Vigae vya Chini ya Mikorosho

Mtaalamu wa mambo ya kale nilimwita mwenyewe, tena kwa barua yenye mwandiko mzuri wa sekondari. Hakuna aliyenituma. Ndiyo maana hadi leo sina wa kumlaumu.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Huku kwetu upande wa Lupaso kila mtu alishaambiwa abomoe nyumba yake akajenge kando ya barabara, ila mwenyekiti alituhurumia: okoteni korosho kwanza, ndipo mhame. Wenzangu walishukuru. Mimi huruma hiyo niliiona ndogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata Masasi mjini nikienda asubuhi, saa sita naanza kuulizia gari la kurudi. Nilitaka nisihame kabisa.

Dawa nikaiona shambani. Kila nilipopalilia mikorosho, jembe lilifukua vigae vyenye nakshi ambazo hata mama yangu, mfinyanzi, hakuzitambua, na vijiwe vyenye makali, na mavi ya chuma, yale makapi ya wafua chuma. Nikawaza: serikali ikijua watu wa kale waliishi hapa, itataka mlinzi. Na mlinzi analala wapi? Si hapo hapo?

"Unamtoa mtu Dar es Salaam aje kutazama mavi?" mama aliuliza.

"Ya chuma, mama."

"Hata kama."

Bwana wa mambo ya kale akaja. Alipiga magoti akapangusa kigae kwa brashi, taratibu, kama anayemnawisha uso mtoto mchanga. Nikamtembeza kote, mpaka kwenye shimo la choo, ambako vigae na majivu vilionekana tabaka juu ya tabaka. Akashika kichwa.

"Ndugu, umechimba choo katikati ya makazi ya kale?"

"Hicho kinakaribia kujaa," nikamjibu kwa fahari. "Kingine naanza wiki ijayo, pale."

Hakunywa hata uji. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, na jioni amri ikatoka: pale pasichimbwe, pasilimwe, pasilale mtu. Juma hilohilo likaja lori, la kwangu peke yangu, mikorosho ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua.

Jirani yangu, bibi wa shamba la pili, alikuja kunisaidia kufunga kuku miguu. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitazama mikorosho yangu mmoja mmoja, bila haraka, kisha akanigeukia.

"Marahaba. Panda lori, msomi. Korosho zako tutaokota sisi."