Simu Iliyoita Tukichambua Kahawa

Ndugu zangu, aibu hii bado mbichi. Tangu nimzike mke wangu, namtazama kwenye simu. Picha zake zote zimo humo.

Juzi hapa kijijini Nanyala alikuja dada mtafiti, anayepima jinsi simu inavyowatenga wazazi na watoto wao. Alieleza vizuri, lakini mimi nilisikia nusu. Niliposikia neno "simu", nikadhani ni kama mambo ya mbolea ya ruzuku, wenye simu ndio wanaopewa.

"Baba Tumaini," akasema, "kaa na binti yako mchambue kahawa kama siku zote. Mimi natazama tu."

Nikaitoa simu, nikawa naibonyeza ili nionekane mjuzi. Nikafika kwenye picha za marehemu, nikazama.

Tumaini, mwanangu wa miaka minane, akaniita. "Mmh," nikasema. Akaita tena. "Mmh." Kumbe aliinuka, akaenda nyumba ya pili kwa mama yangu, akarudi. Sikuona lolote.

Mara simu ikaita. Ni mama.

"Shikamoo mama," nikasema kwa sauti, ili mtafiti asikie. "Nitakupigia baadaye. Sasa hivi niko na mwanangu, namsikiliza."

Jirani aliyesimama uani akaguna, "Eti anamsikiliza!"

Sauti ikajibu, simuni na nyuma ya mgongo wangu kwa pamoja:

"Baba, ni mimi. Nimeazima simu ya bibi, maana ukipigiwa unaitika."